Ndoo mbili za maji na nyuzi mbili: kupanga sauti za muziki kwa hesabu

Magitaa mengi yanayochongwa mtaani huharibikia kwenye rula. Seremala anapima shingo, anaigawa sehemu kumi na mbili zenye upana sawa hadi katikati ya uzi, anagongomea freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, na kazi inang'aa. Ukilipiga, sauti zinagombana. Mkono wake hauna kosa. Kwa uzi wa milimita 650, nafasi sawa zinampa milimita 27.08 kwa kila freti, na hapo freti yake ya 6 inaangukia milimita 162.5 kutoka kidaraja cha kichwani. Hapo ni pahala pa freti ya 5, inayotakiwa kukaa kwenye 163.05. Mpigaji anabana ya sita anapata sauti ya tano. Sauti hupanda kwa kuzidisha, naye amejumlisha.

Kabla ya kugusa shingo ya gitaa, tengeneza sanduku la nyuzi mbili. Ni kazi ya siku moja, na mtu akishalitumia haulizi tena kwa nini freti zinasogeleana kadiri zinavyoshuka kuelekea tumboni mwa gitaa. Mwalimu wa kwaya naye atalipenda, kwa sababu linaonyesha kwa milimita kile anachokipigia kelele kila mazoezi: “mi” iko juu, “mi” iko chini.

Sanduku

Tabora mbao si tatizo. Mabaki ya mninga kutoka kwa fundi fanicha yanatosha, na mninga ukishakauka haupindi wala kusinyaa sana majira yanapobadilika. Hilo ni jambo kubwa katika mji ambao mvua huanza Novemba na kukatika karibu Aprili, kisha ukavu unaingia hadi viungo vya viti vinalia. Vumbi lake linawasha kifua, kwa hiyo funga pua na mdomo unapopiga msasa.

Kata pande mbili za milimita 900 kwa 80, unene 15. Kata vichwa viwili vya 120 kwa 80, unene 30, kwa sababu vichwa ndivyo vinavyobeba mzigo. Mfuniko ni plaiwudi ya milimita 4, 900 kwa 150. Chini acha wazi. Gundi ya mbao na misumari midogo, kisha acha usiku mzima.

Vidaraja viwili vinapita upande hadi upande juu ya mfuniko. Kila kimoja ni kipande cha mninga chenye mfereji mwembamba, ndani yake umelazwa msumari wa inchi 4 uliokatwa kichwa na kusuguliwa kwa msasa laini. Kimo kutoka mfunikoni hadi mgongo wa msumari kiwe milimita 12. Sasa kipimo ambacho hakina msamaha: kutoka mgongo wa msumari mmoja hadi wa pili iwe milimita 720 kamili. Tumia rula ya chuma ya mita moja. Futi ya mkanda ina ndoano inayocheza karibu milimita moja. Ukilazimika kuitumia, anzia kwenye alama ya sentimita 10 na utoe 100 baadaye. Milimita moja iliyopotea kwenye urefu wote ni senti 2.4, na ukifika nusu ya uzi milimita hiyohiyo inakuwa senti 4.8. Senti hapa si hela: nusu toni moja, yaani hatua ya freti moja, ina senti 100, na oktava nzima, kutoka “do” hadi “do” ya juu, ina 1200.

Kwa nini 720 na si 700 au mita nzima? Kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9 na 15 bila kuacha baki. Alama zote muhimu zitaangukia kwenye milimita nzima.

Nyuzi ni za kwanza za gitaa la chuma, unene wa milimita 0.25, mbili za pakiti moja. Pete ya mwisho inashikwa na skrubu upande mmoja. Upande wa pili uzi unapita juu ya kidaraja, unashuka kwenye kapi dogo lililofungwa kwenye kichwa cha sanduku, kisha unaunganishwa na kamba inayobeba ndoo ya lita 10. Nyuzi ziachane milimita 60. Juu ya kapi pawe chini ya mgongo wa kidaraja kwa milimita 3 au 4, ili uzi ukilalie kidaraja bila kukisugua sana. Sanduku likae mezani, ndoo zining'inie nje, na tofali liwekwe upande wa pili lisije likapinduka. Uzi uliokazwa ukikatika unarudi kama fimbo: usiinamishe uso juu yake.

Asiyepata nyuzi za gitaa anaweza kufumua waya wa breki ya baiskeli. Waya wa milimita 1.5 wenye nyaya 19 hukupa nyaya za milimita 0.3. Zinafanya kazi, ila zimezoea kujisokota, na waya uliojisokota hupwita wenyewe, yaani sauti hujaa na kufifia kwa zamu, hata ukipigwa peke yake. Utadhani hesabu imekataa, kumbe ni waya.

Maji

Ndoo imechaguliwa makusudi badala ya ufunguo wa kukazia. Uzi uliofungwa ncha zote mbili ukipata joto la nyuzi 10 kuliko ubao wake, hushuka takriban senti 25. Ukilitoa sanduku kivulini chini ya mwembe ukaliweka juani, kazi ya asubuhi imekwisha. Uzi unaovutwa na ndoo hurefuka kidogo tu na ndoo inashuka nao, mvuto unabaki uleule.

Hesabu ni hii. Idadi ya mitetemo kwa sekunde ni kipeuo cha pili cha mvuto uliogawanywa kwa uzito wa mita moja ya uzi, kisha jibu ligawanywe kwa mara mbili ya urefu. Uzi wa 0.25, ambao kwa usahihi ni milimita 0.254, una gramu 0.398 kwa mita. Ndoo, kamba na maji vikiwa kilo 4.07, mvuto ni 4.07 mara 9.81, yaani niutoni 39.9. Gawanya kwa 0.000398, toa kipeuo, gawanya kwa 1.44. Unapata 220, yaani A iliyo oktava moja chini ya ile 440 inayotumiwa kupatanishia vyombo. Hiyo ndiyo itakuwa “do” yetu. Kwa waya wa breki wa 0.3 utahitaji kilo 5.7 kupata sauti ileile.

Pima ndoo tupu kwanza, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja lakini ndoo haimo humo. Jaza kwa kikombe hadi karibu, malizia kwa kijiko. Kijiko cha chakula cha mililita 15 kinapandisha sauti kwa senti 3 hivi. Hakuna ufunguo wa gitaa unaogeuka kwa ustaarabu huo.

Kwa kuwa kuna kipeuo cha pili, maji hayapandishi sauti sawasawa. Nusu toni moja inataka uzito uongezeke kwa asilimia 12.2: kutoka kilo 4 hadi 4.49, kisha 5.04, kisha 5.66. Ukiongeza uzito mara mbili unapata nusu toni sita tu. Oktava inataka uzito mara nne, kilo 16 na zaidi, na uzi wa 0.25 utakatika kabla ya kufika. Ile hadithi ya kale kwamba Pythagoras, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alining'iniza mizigo ya 12 na 6 akapata oktava haiwezi kuwa kweli. Ilirudiwa karne nyingi bila mtu kuijaribu, hadi Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alipotundika mizigo katika karne ya 16 na kukuta inatakiwa 4 kwa 1.

Nyuzi zote mbili zikishafika karibu na 220, zipige pamoja. Utasikia sauti ikipwita, wa-wa-wa. Idadi ya mipwito kwa sekunde ndiyo tofauti ya mitetemo yao. Ongeza kijiko kwenye ndoo ya uzi ulio chini hadi mpwito uwe mrefu, mrefu zaidi, kisha upotee. Usishangae ndoo mbili zikitofautiana gramu kadhaa mwishoni. Makapi hayasuguani sawa. Pia bonyeza uzi kidogo karibu na kidaraja mara mbili tatu kila unapoongeza maji, ili mvuto ufike upande wa pili, na upake unga wa risasi ya penseli kwenye msumari. Ndoo inayoyumba hutikisa sauti, isubiri itulie.

Uwiano

Chonga kidaraja cha kusogeza chenye umbo la paa la nyumba, kimo milimita 12.5 hadi 13. Kipite chini ya uzi wa pili, kikiugusa kwa kuuinua kidogo tu. Hapa mafundi wengi huweka kipande kirefu ili uzi ushike vizuri. Kwenye sanduku ambalo uzi wake unakazwa kwa ufunguo badala ya ndoo, kuinua uzi milimita 5 katikati kunaongeza mvuto na kupandisha sauti senti 21, wakati kuinua milimita 1 hakufiki hata senti moja. Ndoo inakusamehe hilo, lakini jenga mazoea mazuri kwa sababu gitaa halisamehe.

Uzi wa kwanza uache wazi, huo ni “do”. Wa pili ukate kwa kidaraja kwenye urefu ufuatao wa milimita, kisha piga zote mbili pamoja:

360: “do” ya juu, nusu ya uzi
480: “so”, theluthi mbili
540: “fa”, robo tatu
576: “mi”, sehemu nne za tano
640: “re”, sehemu nane za tisa
432: “la”, sehemu tatu za tano
384: “ti”, sehemu nane za kumi na tano

Sikiliza hasa 480. Ukikosea milimita mbili unasikia mpwito, ukirudi mahali pake panatulia kabisa. Mtetemo wa tatu wa uzi mrefu (220 mara tatu) na wa pili wa uzi mfupi (330 mara mbili) vinakutana kwenye 660, vinakuwa kitu kimoja. Sikio linahesabu hata kwa asiyejua kusoma.

Sasa ujaribu jambo lililowasumbua wapangaji sauti kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Panda kwa “so” pekee, yaani zidisha urefu kwa 2 na kugawanya kwa 3, na kila urefu unaposhuka chini ya 360, uzidishe kwa 2 ili urudi ndani ya oktava. Usikadirie njiani, acha kikokotoo cha simu kibebe desimali zote. Unapata 480, 640, 426.7, 568.9, 379.3, 505.7, 674.2, 449.5, 599.3, 399.5, 532.7. Hatua ya kumi na mbili inapaswa kukurudisha kwenye “do”, yaani 360. Inakupeleka 355.2. Weka alama hizo mbili kwa penseli: zimeachana karibu milimita 5, senti 23.5, na hakuna usahihi wa kupima utakaozikutanisha. Sababu yake ni ya shule ya msingi. Ukizidisha 3 kwa 3 mara nyingi upendavyo utapata namba witiri daima, na 2 kwa 2 hutoa shufwa daima. Haziwezi kulingana.

Kila mpango wa sauti unaojengwa kwa “so” hadi hatua kumi na mbili ni namna fulani ya kuamua hizo senti 23.5 zifichwe wapi.

Zinaonekana zaidi kwenye “mi”. Ile uliyoipata kwa kupanda “so” nne iko 568.9. Ile tulivu ya sehemu nne za tano iko 576. Ya kinanda cha umeme iko 571.5. Ziweke zote tatu na uzipige moja moja pamoja na uzi wa “do”. Kwenye 576 mpwito ni sifuri, kwenye 571.5 unapwita karibu mara 9 kwa sekunde, kwenye 568.9 karibu mara 14. Kwaya inayoimba bila chombo, ikiwa na masikio mazuri, huteleza yenyewe kuelekea 576. Kinanda kikiingia kwenye kiitikio, sauti ya pili inaonekana imeshuka senti 14, na mwalimu anawakaripia watu ambao hawakukosea. Dawa ni kuamua mapema. Wimbo utakaopigiwa kinanda ufundishwe kwa kinanda tangu siku ya kwanza. Ule wa sauti tupu ufundishwe kwa “do” na “so” zinazoshikiliwa na besi, na kinanda kifungwe.

Kumi na mbili zilizo sawa

Gitaa lina freti moja kwa nyuzi zote sita, kwa hiyo haliwezi kuwa na “mi” tofauti kwa kila “do” ya kuanzia. Suluhisho ni kugawa oktava katika hatua kumi na mbili zenye uwiano uleule. Namba inayozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili ikatoa 2 ni kipeuo cha kumi na mbili cha 2, yaani 1.0594631. Zhu Zaiyu wa China aliikokotoa na kuichapisha mwaka 1584, kwa kutoa vipeuo kwa mkono. Wewe una simu: andika urefu wa uzi, gawanya kwa 1.0594631, andika jibu, gawanya tena. Baada ya mara kumi na mbili lazima ufike nusu kamili. Usipofika, kuna mahali kidole kimeteleza.

Kwenye sanduku la 720, hatua ya kwanza ina upana wa milimita 40.4 na ya kumi na mbili 21.4. “So” inaangukia 480.5 badala ya 480, tofauti ambayo sikio huisikia kama mpwito mmoja kwa sekunde moja na robo au zaidi kidogo. Hiyo inavumilika. “Mi” ndiyo inayolipa gharama.

Kuna mafundi bado wanagawa urefu uliobaki wa uzi kwa 18 kupata nafasi ya freti inayofuata, kanuni ambayo Vincenzo Galilei huyohuyo aliiandika mwaka 1581. Si mbaya kwa freti tatu za mwanzo. Ukiendelea nayo kwenye uzi wa 720, freti ya 12 inaacha milimita 362.6 badala ya 360. Tumia 17.817 na tatizo linaisha.

Kwa gitaa la milimita 650, hivi ndivyo vipimo kutoka kidaraja cha kichwani hadi katikati ya kila freti:

1: 36.48
2: 70.92
3: 103.42
4: 134.09
5: 163.05
6: 190.38
7: 216.18
8: 240.53
9: 263.51
10: 285.20
11: 305.67
12: 325.00

Kwa freti za 13 hadi 19, chukua kipimo cha freti iliyo kumi na mbili nyuma, gawanya kwa 2, jumlisha 325. Ya 13 ni 343.24, na kadhalika. Gitaa lenye urefu mwingine? Zidisha kila namba kwa urefu wako, gawanya kwa 650.

Pima kila freti kutoka kichwani. Anayepima kutoka freti hadi freti anabeba kosa la kila hatua hadi ya mwisho: robo milimita mara kumi na mbili ni milimita 3. Weka alama kwa kisu chenye ncha, kwa sababu mstari wa penseli una upana wa nusu milimita. Msumeno nao unakula mbao, basi katikati ya mkato ndiyo ikae kwenye alama, wala si ukingo wake.

Halafu kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kulijua. Ukibana uzi unauvuta, na uzi uliovutwa hupanda. Kwa hiyo kidaraja cha chini hakikai kwenye 650 kamili. Kisogeze nyuma milimita 2 hivi kwa uzi wa 1, na 4 hadi 5 kwa uzi wa 6 ulio mnene. Ndiyo maana kinawekwa mshazari. Usikigundishe kabla ya kupima. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 na upige, utasikia sauti nyembamba kama filimbi. Kisha bana freti hiyohiyo na upige. Iliyobanwa ikiwa juu zaidi, rudisha kidaraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Freti zote za mwanzo zikiwa juu wakati ya 12 ni sawa, kidaraja cha kichwani ni kirefu mno, kishushe kwa tupa. Na nyuzi kuukuu hazipimiki: zimekula jasho na kutu, uzito wake haulingani tena, hivyo weka mpya kabla ya kulaumu mbao.

Ilimba, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, isipangwe kwa jedwali hili. Muziki wa Wagogo wa Dodoma, ambao Hukwe Zawose aliufikisha kwenye majukwaa ya nchi nyingi, hufuata mitetemo iliyo mara 4, 5, 6, 7, 8 na 9 ya sauti moja ya msingi. Kwenye sanduku letu ni 720, 576, 480, 411.4, 360 na 320. Ile ya saba, 411.4, haipo kwenye kinanda. Iliyo karibu nayo iko juu kwa senti 31, na programu ya simu ya kupatanishia vyombo itawasha taa nyekundu kila ukiipiga. Izime. Weka kidaraja kwenye 411.4, piga uzi, na ulinganishe ulimi wa ilimba na sauti hiyo. Ulimi ukiwa chini, usukume ndani ufupike. Ukiwa juu, uvute urefuke. Ukibaki juu kidogo tu, bandika tone la nta chini ya ncha yake. Nta Tabora haikosekani. Kipande cha ukubwa wa punje ya mtama kinatosha kuanzia, kisha unapunguza kwa ukucha hadi mpwito upotee.